Singa za Ndungu na mkoba usiosukwa

Robota moja la mkonge lina uzito wa kilo 250. Likishapakiwa kwenye lori na kuondoka katika tambarare ya Same, mkono wa Mpare umemaliza kazi yake juu yake. Litauzwa kwa bei ya tani, litapanda meli, na huko liendako litageuzwa kamba, zulia, vitambaa vya kung'arishia vyuma, au ule ubao wa kurushia vishale unaotundikwa kwenye baa za Uingereza. Wakati huohuo, mama aliyeshuka gulioni kuuza mchele anarudi nyumbani na mfuko wa kiwandani, wa plastiki iliyopigwa chapa ikafanana na kitambaa, ambao mshikio wake utakatika kabla mwezi haujaandama.

Robota linatoka, mfuko unaingia. Hapo katikati pana kazi ya mikono ambayo Ndungu ingeweza kuifanya na haijaifanya kwa kiwango kinachostahili: mkoba wa mkonge, wa rangi mbili, wenye misuko, uliosukwa imara hata ukiwekwa mezani mtupu unasimama wenyewe.

Ndungu iko upande wa mashariki wa milima ya Upare wa Kusini, kwenye barabara itokayo Same kupitia Kisiwani na Maore kwenda Kihurio, Bendera hadi Mkomazi. Nyuma yake kuna milima yenye baridi na ukungu. Mbele yake kuna nyika ya Mkomazi, iliyokuwa pori la akiba tangu 1951 na kupandishwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2008, na ng'ambo ya nyika hiyo ni Kenya, nchi ya Wataita. Wengi wanaijua Ndungu kwa mpunga, maana ndiko iliko skimu ya umwagiliaji ya hekta 680 iliyojengwa kwa msaada wa Japani mwishoni mwa miaka ya 1980, ikinyweshwa na maji ya mto Yongoma. Lakini ukiuacha mpunga, zao jingine lililojiandika katika ardhi ile ni mkonge, na shamba la mkonge la Ndungu ni la miaka mingi.

MKOBA WA SUFU NA SIRI YAKE

Kabla ya kuufikia mkoba huo wa mkonge, tuutazame ule unaotamaniwa na wengi. Yeyote mwenye simu ya intaneti na mapenzi ya ufumaji ameshauona mkoba unaovuma Ulaya na Marekani: wa sufu, rangi mbili, moja ya uwanja na nyingine ya misuko inayopanda mbavuni. Haufumwi kwa kipimo chake. Fundi anafuma kitu kikubwa, kilegevu, kisicho na umbo, ambacho ukikiona utadhani amekosea hesabu. Kisha anakifua kwa maji ya moto na sabuni, anakisugua na kukipigapiga, na kinapotoka kimepungua robo au hata theluthi ya urefu wake, kimekuwa kizito na kigumu, na vitanzi havionekani tena. Ukikata kwa mkasi hakifumuki.

Siri iko kwenye unywele wa kondoo. Unywele wa sufu umefunikwa na magamba madogo sana, yote yakielekea upande mmoja. Maji ya moto na sabuni huyafanya yainuke. Msuguano huzisogeza nywele na kuzifanya zitambae zikiingiliana, na magamba yakishashikana hayaachiani. Ni njia ya kale. Wafugaji wa Asia ya Kati wametandika na kufunika mahema yao kwa sufu ya namna hiyo kwa karne nyingi, na mwaka 2012 UNESCO iliyaweka mazulia ya sufu ya Wakirgizi katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka.

Misuko nayo ina kanuni yake. Fundi anavisimamisha vitanzi vitatu au vinne kwenye sindano fupi ya pembeni, anafuma vinavyofuata, kisha anavirudia vile alivyovisimamisha. Vya kushoto vimehamia kulia na vya kulia kushoto. Akirudia hivyo kila baada ya safu kadhaa, msuko unainuka juu ya kitambaa. Wavuvi wa visiwa vya Aran, Ireland, walivaa sweta za misuko hiyo na zikapata jina duniani. Kwa mkoba wa kufuliwa, msuko lazima uwe mnene, kwa sababu msuko mwembamba huzama ukapotea wakati sufu inapojikaza.

Ufundi huu si mgeni kiasi cha kuwashinda wanawake wa Upare. Kule milimani, Vuje, Bombo na Mtii, watoto wanahitaji sweta kwenda shule mwezi wa Juni na Julai. Kufuma vitambaa vya makochi na vya kufunikia meza kwa sindano yenye ndoano ni kazi wanayoifanya wanawake wengi wakipumzika, mkono ukienda wenyewe huku mazungumzo yakiendelea. Makanisa nayo yalichangia. Waadventista Wasabato walianza kazi yao ya kwanza Tanzania hukuhuku Upare wa Kusini, Giti, mwaka 1903, na mpaka leo akina mama wa Dorkas katika makanisa yao wanahesabu ushonaji wa nguo za wahitaji kuwa sehemu ya ibada. Mikono ipo.

Kisichokuwepo ni sufu.

KONDOO WA MANYOYA MAFUPI

Kondoo wanaochungwa pembezoni mwa Mkomazi ni wa asili, wenye mkia wa mafuta na manyoya mafupi yanayofanana na ya mbuzi. Yule mwekundu wa Kimasai anasifika kwa kuhimili minyoo inayoua kondoo wa kigeni, na hiyo ni sifa kubwa kwa mfugaji, ila mgongoni hana kitu cha kusokota uzi. Kondoo wa sufu anataka nyanda za juu zenye baridi na majani mazuri. Mapema karne ya 20, mlowezi Lord Delamere alileta kondoo wa merino Njoro, Kenya, na kundi kubwa likamfia kabla hajaelewa kwamba majani ya pale yalipungukiwa madini. Ufugaji wa sufu ulikuja kushika baadaye katika nyanda za Kenya, na Nanyuki wapo wanawake wanaosokota sufu ya kondoo wa Laikipia na kufuma mazulia. Tambarare ya Same, ambako jua la Februari linaunguza nyayo, si mahali pa biashara hiyo.

Atakayesema kwamba uzi wa sweta umejaa madukani Same na Moshi hajakosea, lakini uzi huo kwa sehemu kubwa ni akriliki, yaani plastiki iliyotokana na mafuta ya petroli. Unafaa sana kwa sweta ya mtoto, kwani unafulika, hauliwi na nondo, na bei yake inavumilika. Lakini hauna magamba. Ukiufua kwa maji ya moto kutwa nzima utalegea na kupoteza umbo, kushikamana hautashikamana. Hata sufu halisi iliyotiwa dawa kiwandani ili ifuliwe kwa mashine bila kusinyaa haitakubali kazi hii.

Kuna jaribio dogo la kumwokoa fundi asipoteze fedha. Kata kipande cha uzi, kishike kwa koleo, kiwashe. Sufu halisi inanuka nywele zilizoungua, moto wake unazimika upesi, na mabaki yanasagika vidoleni. Akriliki inayeyuka, inatoa moshi mweusi na kuacha kidonge kigumu. Uzi wa pamba au wa mkonge unawaka na kunuka karatasi, ukiacha jivu jepesi.

Jaribio hilo likifanyiwa Ndungu, jibu litakuwa lilelile kila mara. Uzi wa asili ulio karibu, usiohitaji kuagizwa, ni ule wa jani la mkonge.

VICHIPUKIZI 62

Mkonge wenyewe si mwenyeji. Asili yake ni Yucatán, Mexico. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida, Marekani. Vilipitia Hamburg, na vilipofika pwani ya Tanga vilivyokuwa hai ni 62 tu. Vikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na hivyo 62 mashamba yakaenea Tanga, yakapanda na bonde la Pangani, yakaingia Morogoro, Kisangara kule Mwanga, na Ndungu.

Kazi ya mashamba hayo haikuwa nyepesi. Miiba ya jani la mkonge haichagui mkono, na utomvu wake unawasha. Wenyeji wengi waliikwepa, ndipo waajiri wakaanza kuwatafuta vibarua wa mikataba kutoka mbali, manamba, na mwaka 1944 ikaundwa ofisi ya pamoja ya kuwaandikisha, SILABU. Kuna koo kaskazini mashariki ya Tanzania leo ambazo babu zao walikuja kwa mkataba wa mkonge kutoka kusini, magharibi au hata nje ya nchi, na hawakurudi.

Faida ilikuwa kubwa. Mwaka 1964 nchi ilizalisha takriban tani 230,000, na hakuna nchi nyingine duniani iliyoifikia. Kisha mambo yakageuka. Viwanda vya Ulaya na Marekani vilianza kutengeneza kamba za kufungia majani makavu kwa polipropilini, plastiki iliyo rahisi kuliko singa, yaani nyuzi za mkonge. Bei ikaporomoka. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ikatwaa sehemu kubwa ya mashamba, na uongozi wake nao ukawa na matatizo yake. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa kama tani 20,000 kwa mwaka. Mashamba mengi yakageuka vichaka.

Siku hizi mkonge umeinuka tena. Brazil inaongoza duniani na Tanzania inaifuata, na serikali iliweka lengo la kufika tani 120,000 kwa mwaka. Wakulima wadogo wamehamasishwa kulima kupitia vyama vyao vya ushirika. Katika mipango yote hiyo, hata hivyo, kipimo cha mafanikio kimebaki kilekile cha wakati wa Wajerumani: tani ngapi za singa zimesafirishwa. Ni kipimo kinachomhesabu mkataji na kumsahau msukaji.

KUTOKA JANI MPAKA SINGA

Mkonge unaanza kukatwa baada ya miaka kama mitatu hivi, na huendelea kutoa majani mpaka siku utakapotoa mlingoti wake mrefu, ukachanua mara moja, ukaangusha vichipukizi, ukafa. Wakataji hutoa majani ya chini, wanayakata ncha yenye mwiba na kuyafunga. Majani hayangoji, yakikaa siku nyingi yanakauka na singa zake zinachafuka. Yanapelekwa korona, kama wenyewe wanavyoiita mashine ile kubwa inayoyaponda na kuyapangusa nyama huku maji yakimiminwa. Upande mmoja unatoka ute wa kijani, upande mwingine zinatoka singa zenye urefu wa karibu mita moja. Katika kila kilo 100 za majani, singa ni kama kilo nne tu.

Singa zinaanikwa juani, zinageuka nyeupe ya maziwa, kisha zinapigwa brashi, zinapangwa kwa madaraja na kufungwa marobota. Ndefu na nyeupe zina bei nzuri; fupi na zenye madoa zinashuka daraja. Hapa kuna jambo la kumfaa msukaji. Singa ambazo mnunuzi wa nje anazikataa kwa sababu ya ufupi, kwa mkoba hazina shida, kwa kuwa zitaunganishwa katika kusokotwa. Na singa yenye doa ikiingia kwenye rangi nyeusi au ya udongo, doa hilo halionekani tena. Kinachomshusha muuzaji wa tani hakimgusi msukaji wa mkoba.

Asiye na korona bado anaweza. Jani hupigwa na kukwanguliwa kwa bamba la chuma au panga butu juu ya ubao, likapangushwa mpaka singa zikabaki. Ni kazi ya kuchosha na inayowasha mikono, ila kwa kiasi cha mikoba michache inawezekana, na mkonge uliopandwa kuwa ua wa shamba unatosha.

RANGI MBILI, HESABU MOJA

Sasa tumtazame msukaji kazini, kwa karibu. Anachukua singa chache, anazisokota juu ya paja kwa kiganja, sehemu mbili kwa pamoja, kisha anazirudisha zijiviringe zenyewe kuwa uzi mmoja wa pande mbili. Anaongeza singa kabla zile za kwanza hazijaisha, ili uzi usiwe na fundo. Paja linapakwa jivu kidogo lisiteleze. Uzi wa wima unakuwa mnene, uzi wa kuzungushia unakuwa mwembamba.

Kabla ya kusuka, sehemu ya singa inatiwa rangi. Rangi ya unga, ileile inayotumika kwa mikeka, inachemshwa na chumvi kidogo. Singa zinazamishwa, zinageuzwa, zinaachwa zipoe ndani, kisha zinasuuzwa mpaka maji yatoke meupe. Hatua hii ya mwisho wavivu huiruka, na ndiyo inayomrudishia fundi mteja mwenye kanzu iliyochafuka. Zinaanikwa kivulini. Rangi ya mkoba mzima itiwe siku moja katika sufuria moja, kwani ya kesho haitafanana na ya leo.

Kitako ndicho kinachoanza. Nyuzi za wima zinapishanishwa katikati, na nyuzi mbili za kuzungushia, moja nyeupe na moja ya rangi, zinaanza kuzifuata kwa duara. Uzi mmoja unapita mbele ya uzi wa wima, mwingine nyuma yake, zinazungukana nusu, sasa wa nyuma umekuja mbele. Kila hatua, rangi inabadilishana. Duara linavyopanuka anaongeza nyuzi za wima, na kitako kikifika upana anaoutaka anaacha kuongeza. Hapo mbavu zinainuka zenyewe.

Uzuri wote wa mkoba wa rangi mbili umo katika hesabu ya nyuzi za wima. Zikiwa shufwa, nyeupe itaangukia juu ya nyeupe na ya rangi juu ya ya rangi katika kila mzunguko, na mbavu zitapata mistari iliyosimama. Zikiwa witiri, kila mzunguko utapishana na uliotangulia, na mkoba utajaa vidoa vinavyobadilishana kutoka chini hadi juu. Uzi mmoja tu wa wima ukiongezwa au ukifichwa unabadilisha sura yote. Msukaji akitaka pembetatu au pindo, anazizungusha zile nyuzi mbili mzunguko kamili badala ya nusu, rangi inaruka zamu, na ua linazaliwa.

Na msuko je? Nao upo. Mzunguko mmoja ukisukwa nyuzi zikizungukana kwenda kulia, na unaofuata zikizungukana kwenda kushoto, mistari miwili hiyo inalaliana na kuonekana kama nywele zilizosukwa. Mizunguko miwili ya namna hiyo karibu na mdomo wa mkoba na miwili juu kidogo ya kitako inatosha kuupa sura. Ule msuko ambao mfumaji wa sufu anautafuta kwa sindano ya tatu, msukaji wa mkonge anaupata kwa kugeuza tu uelekeo wa kidole.

Ukaza nao haudai maji ya moto. Singa iliyosokotwa vizuri na kukandamizwa kwa kucha kila hatua inatoa ukuta mgumu usiopenyeza punje ya mchele. Mkoba wa sufu unapata ugumu baada ya kufuliwa. Wa mkonge unaupata mkononi, kidogo kidogo, na hausinyai.

JIRANI ANAJUA

Mwenye shaka na avuke nyika kwa macho tu. Upande wa Kenya, chini ya mlima Kasigau, wanawake wa Kitaita wamejiunga katika vikundi vya kusuka vikapu vya mkonge ambavyo vinauzwa nje kwa wanunuzi wanaofuata biashara ya haki. Ardhi yao ni kavu kama yetu ya tambarare, tembo wao ni walewale wanaovuka kutoka Mkomazi, na mkonge wanaoutumia ni huuhuu. Kule Mwatate kuna shamba kubwa la mkonge kama lilivyo letu Ndungu. Tofauti ni kwamba kwao kikapu kimekuwa zao la biashara la mwanamke, likiwa na kikundi, kipimo, mchoro unaokubalika sokoni na mtu wa kutafuta mnunuzi.

Kenya hiyohiyo ina funzo jingine, la uchungu. Kiondo cha Wakamba na Wakikuyu kilipendwa mno Ulaya na Marekani katika miaka ya 1970 na 1980. Viwanda vya Asia vikaiga, vikashusha vya mashine vya bei ndogo, na soko la wasukaji likadhoofika. Waliosalimika ni wale waliouza kile ambacho mashine haikukiweza: uzi uliosokotwa kwa mkono, ukaza, ua lisilorudiwa na jina la kijiji ulikotoka mkoba. Anayeanza leo asishindane kwa bei ya chini, hapo ameshashindwa.

Hapa nchini tuna mifano pia. Iringa wamefanya vikapu vya milulu vikajulikana mbali, na Singida vyao havikosi kwenye maonyesho. Pwani ukili unaendelea kusukwa na kushonwa mikeka na makapu. Upare, wenye mkonge mlangoni, hawana mkoba ambao mtu akiuona Dar es Salaam atasema, huu wa Same.

HESABU YA ROBOTA

Turudi kwenye zile kilo 250. Mkoba wa kati wa mwanamke hauli hata kilo moja ya singa. Robota moja basi lina mikoba zaidi ya 250 ndani yake. Mkoba mmoja ukimchukua mwanamke wiki, huku akipika, akipalilia na kuangalia wajukuu, robota hilo litampa kazi ya karibu miaka mitano. Wanawake kumi watalimaliza kwa nusu mwaka hivi. Kwa hiyo hakuna mwenye shamba atakayelalamika kwamba wasukaji wamemmalizia mkonge. Marobota manne kwa mwaka yangewatosha wanawake ishirini.

Singa si kikwazo, basi. Vikwazo ni vingine, na ni vizuri vitajwe. Cha kwanza ni kuipata singa kwa kilo. Mashamba yanauza kwa tani, na mwanamke mmoja hawezi kwenda kuomba kilo tano, kikundi kinaweza. Cha pili ni umaliziaji. Mikoba mingi ya mikono inaharibiwa na bitana mbovu, zipu ya kubahatisha na mshikio ulioshonwa kwa uzi wa viatu vya mtumba. Mnunuzi anatazama ndani kabla ya nje. Moshi, katika mkoa huohuo, kuna kiwanda cha bidhaa za ngozi cha Karanga, na mafundi wa ngozi wako kila mji. Mshikio wa ngozi halisi unaongeza gharama na unaongeza bei zaidi ya gharama hiyo.

Cha tatu ni mtaji. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya kasoro za usimamizi, kisha ukarejeshwa. Vikundi vingi hukopea kuku, sabuni na bodaboda. Mkoba wa mkonge ni mradi wenye malighafi jirani, hauugui mdondo wala hauozi, na usipouzwa mwezi huu utauzwa ujao. SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, lipo Moshi na linafundisha kazi kama hizo.

Cha nne ni soko, na hapo wakati uko upande wetu. Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Wengi walitegemea kapu litarudi kwenye nafasi yake. Iliyoingia ni mifuko laini ya kiwandani inayoitwa mbadala, ambayo kwa asili yake ni polipropilini, ndugu wa ile kamba iliyouangusha mkonge miaka ya 1960. Mkonge umepigwa na plastiki hiyohiyo mara mbili, mara ya kwanza shambani na mara ya pili sokoni.

Kwa anayeanza, soko la kwanza liko karibu. Watalii wa Mkomazi wanaingia kwa lango la Zange, nje kidogo ya mji wa Same, kuangalia faru na mbwa mwitu. Kuna abiria wa barabara kuu ya Moshi. Kuna harusi za Kipare, ambazo zawadi ya kapu haijawahi kukosa heshima, na kuna Wapare walioko Dar es Salaam ambao hawarudi kutoka kwao mikono mitupu. Maonyesho ya Sabasaba na Nanenane yaje baadaye, mikoba ikishakuwa na kipimo kimoja.

Shule nazo zisiachwe. Waliosoma miaka ya elimu ya kujitegemea wanakumbuka kazi za mikono, ambapo kila mwanafunzi alitakiwa kupeleka ufagio, kikapu au kamba aliyotengeneza, ingawa wengi walitengenezewa na bibi zao usiku wa kuamkia. Mtoto anayesoma jirani na shamba la mkonge akimaliza darasa la saba bila kujua kusokota uzi wa singa, kuna somo alilonyimwa. Na lile la shufwa na witiri linaeleweka upesi zaidi mbavuni mwa mkoba kuliko ubaoni.

Wanaopenda mkoba wa sufu wa kule Ulaya waupende, na mwenye ndugu wa kumtumia sufu halisi aufume, aufue kwa maji ya moto, afurahi nao. Hakuna ubaya kujifunza ufundi wa wengine. Lakini biashara haijengwi juu ya uzi unaongojwa kutoka ng'ambo wakati uzi mwingine umelala uani.

Wito wetu, basi, uende kwa watatu. Wenye mashamba ya mkonge watenge singa za daraja la chini na kuviuzia vikundi vya wanawake kwa kilo, kwa bei ya shambani. Halmashauri ya Wilaya ya Same itafute walimu wawili au watatu kutoka kwa majirani wa Taita, iwalete Ndungu kwa msimu mmoja baada ya mavuno ya mpunga, wakati mikono ina nafasi. Na wewe msomaji, siku utakapouona mkoba wa mkonge uliosukwa vizuri, usiupunguzie bei mpaka msukaji akajutia wiki yake. Mlipe, uubebe sokoni, na ukiulizwa umetoka wapi, uwe na jina la kijiji la kutaja.